Kufilisika kwa Heshima: Mwongozo wa Kumiliki Gari la Michezo la Kijapani Ukiwa Same

Mwongozo huu haumhusu kila mtu. Kama una Noah inayowaka asubuhi bila kusukumwa, deni la SACCOS linakaribia kwisha na nyumbani bado watu wanacheka wakati wa chakula, funga ukurasa huu ukaendelee kuishi. Umeandikwa kwa ajili ya yule aliyeona picha ya Datsun yenye boneti ndefu kwenye simu, usiku, na tangu siku hiyo usingizi wake ni wa kuunga. Ndugu yangu, hauko peke yako. Japani, Marekani na Uingereza wamejaa watu wa namna yako, wana vyama na mikutano ya kila mwaka. Tofauti ni kwamba wao wana gereji zenye taa na sakafu ya rangi, wewe una kivuli cha mwarobaini.

Fuata hatua kwa mpangilio. Ukiruka moja, utaikuta mbele inakusubiri na riba.

Hatua ya kwanza: Tafuta sababu ya kiutu uzima

Mtu mzima wa Upareni hasemi "nimelipenda." Kupenda hakuna risiti. Sema "hii ni historia," kisha nyamaza, waulizaji wajione wajinga wenyewe.

Bahati nzuri historia ipo. Mbio za Safari zilianza mwaka 1953 kwa ajili ya kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, zikipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Nissan waliingia kwa mara ya kwanza mwaka 1963. Mwaka huo yaliondoka magari 84, yakamaliza saba, na la Nissan halikuwemo. Wajapani hawakukata tamaa. Walirudi mwaka hadi mwaka, na mwaka 1969 wakatoa filamu nzima kuhusu mbio hizo, akiigiza nyota wao Yujiro Ishihara, kabla hata hawajashinda. Huo ndio moyo unaotakiwa: kusherehekea kwanza, matokeo baadaye.

Matokeo yalikuja. Mwaka 1970 Edgar Herrmann na msoma ramani wake Hans Schüller walishinda wakiwa na Datsun 1600 SSS ya Nissan. Mwaka uliofuata wakashinda tena, safari hii kwa Datsun 240Z, gari la viti viwili ambalo kwa sura lilistahili kupelekwa harusini. Mwaka 1973 ikawa zamu ya Shekhar Mehta, mzaliwa wa Kampala, naye akiwa na 240Z. Mehta alilingana pointi na Harry Källström, aliyekuwa pia kwenye Datsun, ikabidi mshindi apatikane kwa kuangalia nani alikwenda mbali zaidi kabla ya kupata adhabu yake ya kwanza. Mpare akisikia kwamba ushindi ulipatikana kwa kufunua makaratasi upya, hutikisa kichwa kwa heshima.

Kariri miaka hiyo uitaje taratibu. Lakini usidai kwamba gari lolote lilipita kijijini kwenu. Same ipo kwenye barabara kuu ya Moshi kwenda Korogwe, na kila mzee wa rika fulani atajitokeza mwenyewe kueleza jinsi alivyolisukuma kwenye tope. Waache waeleze. Ukiwajumlisha wote, utajiuliza gari lile lilifungiwa injini ya nini.

Hatua ya pili: Chagua gari kulingana na kina cha kidonda

Toyota 2000GT. Pita. Toyota na Yamaha walilitengeneza kati ya 1967 na 1970, na idadi yake haikufika hata 400. Mwaka 2013 moja liliuzwa mnadani Marekani kwa zaidi ya dola milioni 1. Ukoo wenu wote ukiuza mashamba ya tangawizi ya Mamba, mtapata taa ya mbele na ahadi.

Datsun 240Z. Silinda sita kwenye mstari mmoja, sentimita za ujazo 2,393, kabureta mbili, nguvu zinakwenda matairi ya nyuma. Hakuna kompyuta ndani yake. Ni chuma, petroli na cheche, vitu ambavyo fundi wa Same anavielewa kuliko anavyomwelewa mwenye gari. Shida ni kulipata. Wakati linauzwa jipya, Tanzania ilikuwa imeshatangaza Azimio la Arusha na fedha za kigeni zilikuwa haba. Gari lisilobeba gunia wala shangazi halikuwa na wa kulitetea. Mwaka 1984 serikali iliporuhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe, waliokuwa na fedha waliagiza pikapu, na hakuna wa kuwalaumu.

Toyota Corolla Levin na Sprinter Trueno za AE86, kuanzia 1983. Lilikuwa gari la kawaida la kijana wa kawaida hadi mwaka 1995, mchoraji Shuichi Shigeno alipoanza kuchapisha katuni yake, Initial D. Humo kijana mmoja anapeleka tofu hotelini usiku, akishuka mlima wenye kona kali kwa kasi ya kutisha bila kumwaga maji kwenye bilauri. Bei ya AE86 ikapanda duniani kote na haijashuka. Vijana wetu wanashusha tangawizi kutoka Mamba kila siku ya Mungu, kona ni zilezile na mzigo ni mzito zaidi, ila bado hatujapata mchoraji.

Nissan Skyline GT-R ya 1989, R32. Nzuri sana, na ndiyo maana usiwe nayo. Marekani, gari likifikisha miaka 25 linaruhusiwa kuingia bila kubanwa na kanuni za usalama za magari mapya. Skyline hiyo ilifika umri huo mwaka 2014. Tangu hapo unagombania spea na madaktari wa meno wa California.

Toyota Altezza. Hili ndilo lako. Lilitoka mwaka 1998 na likawa Gari la Mwaka la Japani. Toleo la RS200 lina gia sita za mkono na injini ya lita mbili yenye nguvu za farasi 210. Lipo Moshi, lipo Arusha, lipo Dar, mara nyingi nyuma ya gereji, limegongwa upande mmoja. Na kwa hesabu ya Wamarekani, Altezza za kwanza zilifikisha miaka 25 mwaka 2023. Gari ambalo mama mkwe wako analiita la wahuni limeshaingia kwenye kundi la mambo ya kale. Mkatie cheti.

Hatua ya tatu: Kutana na makadirio

Kenya wamefanya huruma: gari lililozidi miaka minane haliingii, mtu analala. Sisi tumeachiwa uhuru, na uhuru una ankara. Kuna ushuru wa forodha asilimia 25. Kuna ushuru wa bidhaa kulingana na ukubwa wa injini. Kuna ushuru mwingine kwa sababu ya uzee, na gari dogo lililozidi miaka 10 hutandikwa asilimia 30. Kisha VAT ya asilimia 18 inakaa juu ya jumla ya hayo yote, na bado tozo ndogondogo hazijabisha hodi. Kwa gari la injini kubwa, kodi inaweza kuzidi bei uliyolinunulia Japani. Serikali inachukulia uzee wa gari kuwa kosa, na wewe unauchukulia kuwa sifa. Mtakutana Bandari ya Dar es Salaam kujadiliana.

Usijaribu ujanja wa risiti ya bei ndogo. TRA, mamlaka ya mapato, wana orodha yao ya thamani, na orodha hiyo haijali kwamba muuzaji wa Nagoya alikuonea huruma.

Hapa hasira itakupanda, nayo ni ya kurithi. Mwanzoni mwa mwaka 1945 wazee wetu walishuka milimani kwa maelfu, wakajaa Same, makao ya wilaya, kupinga mbiru: kodi iliyotaka mali ya kila mtu ikadiriwe kisha atozwe kulingana na makadirio. Wanawake nao wakaja kuwaunga mkono waume zao. Kilichowachoma hakikuwa shilingi peke yake. Ilikuwa ni mtu kusimama mlangoni kwako, kutazama mbuzi wako, na kukuambia wewe una thamani gani. Mbiru hatimaye iliondolewa. Ushuru wa uzee wa gari haujaondolewa, na sikushauri upige kambi mbele ya ofisi ya mkuu wa wilaya kwa ajili ya Altezza. Wazee walikuwa na hoja.

Hatua ya nne: Lipe makazi

Adui wa gari la Kijapani la miaka ya 1970 na 1980 ni kutu. Bati lilikuwa jembamba, dawa ya kuzuia kutu ilikuwa ya matumaini, na yaliyotumika Hokkaido yalikula chumvi ya barabarani kila majira ya baridi. Ukiliweka Tanga au Dar, hewa ya bahari itamalizia kazi.

Hapo ndipo Same inapokuwa na heshima ambayo haijawahi kutangazwa na yeyote. Mji umekaa upande ambao milima huunyima mvua. Hewa ni kavu, jua halina aibu. Tunaolalamika kila mwaka kwamba mahindi yamekauka, kumbe tumekalia ghala bora la magari ya kale Afrika Mashariki. Upepo wetu utakusugulia rangi kwa mchanga bure, kwa hiyo tafuta turubai nene na mawe manne ya heshima.

Usilipeleke kijijini juu. Ukungu wa Chome na Shengena, kilele kinachozidi mita 2,400, ni mzuri kwa msitu na kwa picha za watalii. Kwa bati la 1972 ni msiba wenye mandhari.

Hatua ya tano: Mpate fundi, na umvumilie

Upare na chuma hatujaanza jana. Ugweno, ukoo wa Washana ulikuwa ukifua chuma karne nyingi kabla Toyota haijaota kuwa Toyota, na majembe na silaha za Upareni zilinunuliwa hadi Uchagani. Majirani zetu wanasema Mpare hatupi kitu. Wanadhani ni tusi. Katika kazi hii ndiyo sifa ya kwanza ya ajira.

Jifunze lugha ya gereji. "Kitu kidogo tu hicho, bosi" maana yake injini inashuka. "Njoo kesho asubuhi" maana yake usije kesho. "Spea iko njiani kutoka Dar" maana yake hajapiga simu kwa wauza spea wa Gerezani. "Mzee, hii waliikosea tangu kiwandani" maana yake nati moja imebaki mkononi na hajui ilikotoka.

Baada ya hapo, fanya mambo manne ambayo hayana mzaha. Kwanza, piga picha kila kitu kabla hakijafunguliwa, na kila nati iwekwe kwenye mfuko wake wenye maandishi. Kumbukumbu ya fundi ni nzuri hadi chakula cha mchana. Pili, anza na breki, halafu matairi, halafu mfumo wa petroli. Gari lisilowaka ni hasara. Lisilosimama kwenye mteremko wa Suji kwenda Makanya ni matanga. Tatu, pitisha sumaku kwenye bodi nzima. Ikikataa kushika, hapo chini hakuna bati, kuna puti, na ulichonunua ni sanamu. Kutu hukatwa ikachomelewa bati jipya. Kuipaka rangi ni kuifunika blanketi. Nne, kipande chochote cha asili kinachotolewa, hata kikiwa kimekufa, kirudi nyumbani kwako. Mnunuzi wa kesho atakilipia, na fundi wa leo anajua hivyo.

Kuhusu spea, dunia imeamka. Kuanzia mwaka 2020 Toyota walianza kutengeneza upya baadhi ya vipuri vya 2000GT, baadaye vya AE86, na Nissan nao wanatengeneza tena baadhi ya vipuri vya Skyline GT-R. Vinafika kwenye boksi safi lenye nembo. Fundi wako atalitazama boksi, atatazama bei, kisha atakata bushi kutoka kwenye tairi la Fuso lililokwisha, na gari litatembea. Wenzetu wa Ulaya wangezimia. Lakini ndivyo Safari ilivyokuwa ikishindaniwa na kutwaliwa. Joginder Singh, fundi wa Kenya aliyekuja kushinda kwa Mitsubishi Lancer mwaka 1974 na 1976, ushindi wake wa kwanza, 1965, aliupata kwa Volvo ambayo ilikuwa imeshakimbizwa na mtu mwingine kwenye Safari ya mwaka uliotangulia. Gari la mtumba, ndugu yangu. Lilipita mbele ya mapya yote.

Hatua ya sita: Liendeshe

Wengi huishia hatua ya tano. Gari linang'aa, limefunikwa, linaonyeshwa wageni baada ya makande. Hiyo ni kabati yenye matairi.

Lami ya Same kwenda Mwanga ni nyoofu na inashawishi. Usishawishike, askari wa usalama barabarani naye anapenda magari ya michezo, hasa yakiwa kwenye kasi ya 80 mahali pa 50. Subiri Jumapili baada ya ibada, pandisha kuelekea Mwembe na Mbaga, taratibu. Kila kona itakuuliza swali kuhusu kazi ya fundi wako, na utajibu kwa mguu. Tumbo la gari likigusa jiwe, shuka ukague, panda tena. Bodaboda mwenye abiria wawili na mkungu wa ndizi atakupita na kukusalimia. Mwitikie. Yeye ana ratiba.

Hatua ya saba: Kadiria thamani

Utaulizwa bei. Kabla hujajibu, elewa kwamba gari lako lina bei nne, na zote ni za kweli.

Ya kwanza ni ya mnadani. Januari 2020, Datsun 240Z moja ya 1971 iliuzwa Marekani kwa dola 310,000. Siri yake ilikuwa kwamba karibu haikutumika: maili zipatazo 21,000 katika karibu miaka hamsini. Soko la dunia humlipa vizuri mtu aliyejinyima gari lake.

Ya pili ni ya TRA. Tumeshalia.

Ya tatu ni ya dalali. Huyu hatazami injini wala historia, anatazama kibao. Namba E, anasimama wima. Namba D, anakohoa. Namba A, anakuuliza kama unauza vyuma chakavu kwa kilo. Mweleze kwamba kwa gari la kale namba A ndiyo bora, kwa sababu inaonyesha limekaa nchini muda mrefu. Atakubali, kisha atarudia bei ileile.

Ya nne ni ya nyumbani, na huhesabiwa kwa vitu visivyonunuliwa: bati la jiko, ada ya muhula wa pili, pesa ya kikoba. Kwa hesabu hii, gari lako ndilo ghali kuliko yote yaliyowahi kupigwa mnada.

Ukibanwa sana utaje namba, jifunze kwa watengenezaji wenyewe. Kuanzia 1989 hadi 2004 kampuni za Japani zilikubaliana kimyakimya kwamba gari la kuuzwa nchini mwao lisitangazwe kuwa na nguvu za farasi zaidi ya 280. Skyline GT-R ikaandikwa 280 kwa utiifu mkubwa, huku kila aliyeipima akikuta zaidi. Wapare wa mwaka 1945 wangewaelewa mara moja. Mkadiriaji akija, una mbuzi watatu.

Halafu, ukibaki peke yako, fikiria gari moja. Ile 240Z iliyoshinda Safari ya 1971 ipo kwenye hifadhi ya Nissan huko Zama, Kanagawa. Mwaka 2013 wafanyakazi wa kampuni waliifufua ikatembea tena. Walikuwa na vifaa vyote, rangi yote, na mafundi wa kuinyoosha iwe mpya. Mibonyeo wakaiacha. Soko linalipa dola 310,000 kwa gari ambalo halikwenda popote, na waliolitengeneza wamechagua kulitunza lililogongwa kwenye barabara zetu. Mikwaruzo ya Mbaga kwenye bodi yako ni ya ukoo huo. Fundi rangi akitaka kuifuta, mlipe asiifute.

Hatua ya nane: Jiandae kwa kesi

Gari halitakufa kabla yako, umeshalihakikishia. Ukifumba macho, litabaki chini ya turubai likiwa na bei nne, na wewe ni Mpare, kwa hiyo watoto wako watafika Mahakama ya Mwanzo ya Same kabla ya arobaini. Kaka mkubwa ataleta bei ya mnadani aliyoiona kwenye simu. Dada atasema lithaminiwe kwa kilo. Mjomba ambaye hajawahi hata kuliosha atakumbuka kwamba alichangia betri mwaka fulani. Kesi itakula thamani ya gari, kisha itaanza kula ng'ombe.

Dawa ni wosia, na uandikwe mapema ukiwa na afya. Usiwagawie kwa umri wala kwa mapenzi. Siku moja wote wakiwa nyumbani, toa plagi zote, zichanganye mezani pamoja na waya zake, waambie walirudishe gari liwake. Atakayeliwasha, mwandikie kadi ya gari. Wengine waachie Noah.